Disiki za nyuma zikiisha mapema, hela isitoke kwa dereva

Kuna kato moja limeenea sana hapa Point na sijaona mtu akiliandikia. Dereva wa teksi mtandao anapeleka gari gereji kwa sababu breki zinalia. Fundi anasema disiki za nyuma zimekwisha. Mwenye gari anauliza, "Zimekwishaje wakati za mbele bado nzima?" Halafu anajijibu mwenyewe: dereva anakanyaga vibaya, au anatembea na handbreki imepanda. Hela inakatwa kwenye mapato ya dereva, na mwisho wa mwezi kuna mtu Kigoma, Uvira au Mbagala anaambiwa "mwezi huu mambo magumu, vumilieni."

Mimi ni mhasibu, si fundi. Nilisoma biashara Mlimani, na huku kazi yangu ni kuwafungia watu vitabu vyao: maduka madogo, saluni, na wenzetu wenye gari moja au mbili zinazofanya Uber na Bolt. Kato hili limepita mbele yangu mara nyingi mno, mpaka nikaenda kukaa na mafundi wawili wasiojuana, kila mmoja kwa siku yake, nikauliza chuma chenyewe kinasemaje. Msimamo wangu nauweka mapema ili tusizungushane: disiki za nyuma zikiisha kabla ya wakati kwenye gari inayolala Point, ihesabiwe kuwa gharama ya mwenye gari, mpaka chuma kiseme vinginevyo. Na chuma kinasema. Hakihitaji mganga.

Kwa msioishi na mambo haya: mwenye gari anampa dereva gari, dereva anapeleka kiasi maalumu kila wiki, ndiyo tunaita hesabu. Kinachobaki juu ya hesabu na mafuta ni cha dereva. Humo anakula, analipa chumba, na humo ndimo anamotoa ya kutuma nyumbani. Makubaliano karibu yote ni ya mdomo, na neno "matengenezo" linatajwa mara moja tu: "Ukiharibu, unatengeneza." Ugomvi wote unaanzia kwenye neno hilo kuharibu.

Sasa tuangalie gari lenyewe.

Disiki ya breki ni chuma cha kalibu, chuma cha kijivu kisichopakwa kitu chochote pale pedi zinapobana. Kinapata kutu haraka kuliko karibu kila kitu kingine kwenye gari. Ukiosha gari jioni, asubuhi disiki ina rangi ya chungwa. Hilo ni la kawaida na halina madhara, kwa sababu ukikanyaga breki mara mbili tatu pedi zinaisugua ile kutu na uso unarudi kung'aa. Gari inayotembea inajisafisha yenyewe.

Tatizo ni kwamba breki za nyuma zinajisafisha kidogo. Gari ikipunguza mwendo uzito unaegemea mbele, kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi ya kusimamisha inafanywa na magurudumu ya mbele, na ya nyuma yanasaidia tu. Sasa chukua gari hiyo uilaze usiku kucha barabarani kati ya uShaka na Mahatma Gandhi Road, bahari ikiwa pande mbili: huku ufukwe, huku bandari. Point ni ulimi wa ardhi uliochomoza majini. Upepo wa kaskazi ukivuma wa kusini ukafuata, hakuna siku hewa inakosa chumvi. Kioo cha dirisha lako asubuhi ukipitisha kidole kinanata. Hicho kinachonata kimo pia kwenye disiki zako. Kutu ya chumvi haibaki juu juu. Inachimba. Inaanzia ukingoni mwa disiki na hasa upande wa ndani, ule usiouona ukiinama kando ya gurudumu, na inasogea kidogo kidogo kuingia kwenye njia ya pedi. Pedi zinabaki kubana kwenye ukanda mwembamba, chuma kilichochimbika kinazila pedi, pedi nazo zinakwangua disiki. Ndani ya miaka miwili unashika disiki yenye mifereji, ya gari iliyoendeshwa na mtu mpole kabisa.

Hapo ndipo penye kinyume kinachowachanganya wenye magari. Wanafikiri breki inaisha kwa kutumika tu. Ya nyuma, pwani, inaisha pia kwa kutotumika. Dereva laini anayeachia gari itulie yenyewe kabla ya taa nyekundu ndiye disiki zake za nyuma zinazoshika kutu zaidi. Mnamkata kwa ustaarabu wake.

Halafu kuna magari mapya kidogo, na hapa naomba wale wanaosema "tangu nianze kuendesha breki za mbele ndizo huisha kwanza" wasikilize. Gari za siku hizi zina kompyuta inayogawa nguvu ya breki. Ukikanyaga kidogo kidogo, kama kwenye foleni, kompyuta inaweza kuwapa nyuma kazi kubwa zaidi kuliko magari ya zamani yalivyofanya, ili gari isiiname mbele. Mfumo wa kuzuia gari kuteleza nao unashika gurudumu mojamoja bila wewe kugusa pedeli. Na pedi na disiki za nyuma ni nyembamba na ndogo kuliko za mbele tangu kiwandani. Kwa hiyo kwenye magari mengi ya leo pedi za nyuma kuisha kabla ya za mbele si ajabu hata kidogo. Kigezo cha "za mbele bado nzima" kilikuwa na maana kwenye Corolla ya mwaka 1995.

Sababu ya tatu ndiyo ninayoiona mara nyingi kuliko zote, na ndiyo rahisi kuithibitisha. Kalipa, ile inayobana pedi, inatembea juu ya pini mbili zilizopakwa grisi na kufunikwa na mpira. Mpira ukichanika, maji na mchanga vinaingia, grisi inakauka, pini inaganda. Pistoni inaendelea kusukuma pedi ya ndani lakini kalipa haisogei kuivuta ya nje, na ukiachia pedeli haiachii vizuri. Pedi ya ndani inakula disiki mchana kutwa. Vilevile kwenye magari mengi handbreki inafanya kazi kupitia kalipa hiyohiyo ya nyuma, kwa kebo na mkono mdogo wa chuma. Kebo ikishika kutu, unashusha handbreki ndani ya gari lakini kule nyuma haijashuka yote. Dereva ameishusha kweli. Anaapa ameishusha, na hadanganyi.

Sasa ushahidi. Mwambie fundi afungue magurudumu yote mawili ya nyuma, si moja, na usimruhusu atupe kitu.

Tazama kulia na kushoto. Kama disiki ya kulia imekwisha na ya kushoto bado ina uhai, dereva ametoka kwenye kesi hapohapo. Mguu unakanyaga pedeli moja, na pedeli haiwezi kuchagua kulia. Hiyo ni kalipa au kebo. Kisha tazama pedi ya ndani na ya nje za gurudumu moja: ikiwa ya ndani imebaki bati tupu na ya nje ina nusu, ni pini. Tazama uso wa disiki. Vishimo vya kutu na ukingo uliomomonyoka ni hewa na kusimama. Rangi ya bluu na zambarau, kama ya chuma kilichotoka kwenye moto, ni joto kali. Ikiwa ipo sawasawa magurudumu yote manne, au zaidi mbele, basi ndiyo, huyo anakimbia na kukanyaga ghafla, na nitakuwa wa kwanza kumwambia alipe. Ikiwa bluu ipo nyuma tu, kulia na kushoto sawa, na kebo inarudi vizuri ukiivuta kwa mkono, hapo pana swali la kweli kuhusu kutembea na handbreki.

Mwisho pima. Kwenye disiki nyingi pameandikwa MIN TH na namba ya milimita. Hicho ndicho kikomo cha wembamba, ikishuka hapo haitumiki. Tuseme disiki mpya ilikuwa milimita 9 na kikomo ni 7.5: una milimita moja na nusu tu ya kutumia maisha yake yote. Fundi asiye na mikrometa anakisia, na anakisia kwa hela yako. Nimeshaambiwa na gereji moja hapa mjini kwamba disiki "zimekwisha kabisa", nikaomba wapime mbele yangu, zikawa bado juu ya kikomo. Kilichohitajika kilikuwa pedi na kusafisha pini. Sitaitaja, si ya ajabu kuliko nyingine.

Mwaka jana nilikalishwa kati ya wawili. Mwenye gari ni Mtanga, anakaa Gillespie Street. Dereva ni kijana wa Uvira, mpole, ana mke na watoto wawili kwao na mama mzee. Disiki za nyuma zilikwisha baada ya kilomita kama 25,000 tangu zilipofungwa mpya. Bosi alitaka kukata yote. Kijana hakubishana sana. Alisema tu, "Kaka, ukikata hii sina cha kutuma mpaka mwezi wa tatu." Nikaomba disiki za zamani ziletwe. Bahati fundi alikuwa hajazitupa, zilikuwa kwenye ndoo. Ya kulia ilikuwa nyembamba kama sahani ya bati upande wa ndani, ya kushoto ilikuwa na kutu lakini ilikuwa bado juu ya kikomo. Tukamuuliza fundi hali ya pini za kulia. Akacheka, akasema alizitoa kwa nyundo. Kesi iliisha pale, ingawa Mtanga alinuna wiki nzima na hata sasa ananiita wakili.

Tuweke namba, maana ndiyo kazi yangu. Hizi ni za mfano, wewe weka za gari yako. Tuseme disiki mbili za nyuma, pedi na ufundi ni randi 2,800. Gari inatembea kilomita 1,200 kwa wiki. Kama seti ingedumu kilomita 60,000, gharama yake ni kama senti 4.7 kwa kilomita, yaani randi 56 kwa wiki. Ikidumu 25,000 tu, ni senti 11.2 kwa kilomita, randi 134 kwa wiki. Wiki 21 zikipita umeimaliza. Sasa tuseme kila kilomita 15,000, ambayo kwa gari hii ni kama kila miezi mitatu, unampa fundi randi 400 afungue kalipa za nyuma, asafishe pini, aweke grisi ya breki inayohimili joto na abadilishe mpira uliochanika. Hiyo ni randi 32 kwa wiki. Ukijumlisha na 56 unapata 88 badala ya 134. Umeokoa randi 46 kila wiki, karibu 2,400 kwa mwaka, kwa kalipa mbili tu.

Sasa jiulize nani kati ya hao wawili anaweza kuamua randi 400 hiyo itoke. Dereva? Gari si yake, gereji anachagua bosi, na siku gari ikilala gereji hesabu inadaiwa vilevile. Katika uhasibu tuna kanuni rahisi: gharama anabeba yule mwenye uwezo wa kuizuia. Mwenye gari ndiye anayechagua gari ilale wapi na ndiye anayeamua ratiba ya matengenezo. Tena ndiye atakayeiuza gari siku moja, na huwezi kubadilisha jina la umiliki Afrika Kusini bila gari kupita ukaguzi wa ubora barabarani, ambako breki zinapimwa. Thamani ni yake, basi na uchakavu ni wake.

Na angalia upande wa pili wa mizani. Kijana anayetuma randi 1,500 kwa mwezi ukimkata 2,800 kwa mkupuo, umefuta karibu miezi miwili ya nyumba nzima. Hatakaa kimya. Ataenda kwa mashonisa. Tuseme anakopeshwa 2,800 hiyo kwa asilimia 30 kwa mwezi: riba ya mwezi wa kwanza peke yake ni randi 840. Au atatuma vidogovidogo, mia tatu leo mia mbili kesho, kwa sababu kuna dharura nyumbani na hana kiasi cha maana mkononi, na Afrika Kusini imekuwa kwa miaka mingi nchi ghali kuliko zote za G20 kutuma hela nje, kwa takwimu za Benki ya Dunia. Ukituma vipande vipande ada ya chini inakula kila kipande. Kwa hiyo zile 2,800 kwake hazikuwa 2,800. Au, na hili ndilo linanitisha kuliko yote, siku nyingine breki zikilia hatasema. Atapandisha redio. Atapakia abiria na mizigo yao kuelekea uwanja wa King Shaka, pedi zikiwa bati kwa chuma, kwa sababu amejifunza kwamba anayeripoti ndiye anayelipa. Wenye magari, mnajinunulia ukimya, na ukimya kwenye breki ni bidhaa mbaya.

Wenye magari nao wana hoja na sitaificha. Wapo madereva wanaoshuka Field's Hill kutoka Kloof kuja Pinetown mguu juu ya breki mwanzo hadi mwisho, wakati gari ina gia ya kushukia. Kilima kile kinajulikana; Septemba 2013 lori lililoshindwa kusimama liliua watu wengi pale chini. Wapo waliosikia sauti ya kukwaruza wiki tatu wakaendelea mpaka disiki iliyokuwa inaokoleka kwa pedi ikawa chuma chakavu. Huyo wa pili nakubali abebe sehemu: tofauti kati ya bei ya pedi na bei ya pedi pamoja na disiki, si zaidi ya hapo. Lakini asibebe chochote kama aliripoti kwa ujumbe na bosi akajibu "vuta vuta mpaka mwisho wa mwezi." Ujumbe huo utunzwe.

Kuhusu gereji, wengi wetu tunaingia tukiwa tumeinama kwa sababu ya karatasi zetu za ukimbizi au kibali kinachoelekea kuisha. Mteja ni mteja. Sheria ya Ulinzi wa Mlaji, namba 68 ya mwaka 2008, haiulizi umezaliwa wapi. Inakupa haki ya kupewa makadirio ya bei kabla kazi haijaanza. Inamtaka mtengenezaji akutunzie na akurudishie vipuri alivyovitoa, isipokuwa wewe mwenyewe umekataa kuvichukua. Ndiyo maana nasema usikubali disiki zitupwe, ni ushahidi wako kisheria na ni chuma chako. Na kipuri kipya kilichofungwa katika matengenezo kina dhamana ya miezi mitatu pamoja na ufundi wake, bila kuhesabu uchakavu wa kawaida na matumizi mabaya. Disiki zilizofungwa zikaanza kutetemesha gari ndani ya wiki mbili, rudi. Mara nyingi fundi hakusafisha kutu kwenye kikombe cha gurudumu kabla ya kuzikalisha, zikakaa upande. Hiyo ni kazi yake kurudia, si yako kulipia tena. Na kuanzia tarehe 1 Julai 2021 kuna mwongozo wa Tume ya Ushindani unaoruhusu gari iliyo bado na dhamana ya kiwandani ihudumiwe kwenye gereji huru, kwa hiyo anayekwambia lazima uende kwa wakala tu, mwambie asome. Omba risiti yenye jina la kipuri na kilomita za gari. Risiti iliyoandikwa "brakes 2800" siipokei kwenye vitabu vyangu na wewe usiipokee.

Jambo dogo la kiufundi lenye hela nyingi ndani yake: pistoni ya kalipa ya nyuma kwenye magari mengi yenye handbreki ndani yake inarudishwa kwa kuzungushwa kwa kifaa chake, haisukumwi kwa nguvu. Kama handbreki ni ya umeme, lazima iwekwe kwanza kwenye hali ya matengenezo kwa mashine. Fundi wa pembeni mwenye koleo na haraka anaivunja kwa dakika mbili, halafu kalipa mpya inaongezwa kwenye deni la dereva.

Kwa anayetafuta gari ya kazi sasa hivi, nitasema lisilopendwa na vijana: kwa gari inayolala ufukweni, dramu nyuma ni rafiki wa mfuko. Suzuki Dzire ina dramu nyuma na wanaoidharau wanaiita ya kizamani, lakini sehemu zake zimefunikwa, chumvi na mchanga haviingii kirahisi. Volkswagen wenyewe walipotoa ID.3 ya umeme mwaka 2020 walirudisha dramu nyuma, kwa sababu gari ya umeme inapunguza mwendo kwa mota na breki za nyuma zinakaa bila kazi. Hoja hiyohiyo inazihusu haibridi. Ile Corolla Cross inayoundwa hapa hapa Prospecton, ukiichukua ya haibridi utaokoa mafuta vizuri sana, ila jiwekee ratiba ya kukagua disiki za nyuma, maana zitatumika kidogo na kutu itatumika sana. Na wale mnaonunua magari ya Japani yanayoshushwa bandarini hapa kwenda Lubumbashi au Lusaka, yale ambayo hayaruhusiwi kusajiliwa humu nchini: yakikaa yadi wiki nyingi karibu na maji, msikubali kuondoka kabla ya kutazama upande wa ndani wa disiki za nyuma kwa tochi ya simu. Safari ndefu namna ile si mahali pa kujua kalipa imeganda.

Dereva naye ana kazi yake, haimgharimu hela. Baada ya kuosha gari, izungushe kidogo na ukanyage breki mara kadhaa mpaka disiki zikauke ndipo uilaze. Kwenye tambarare ya Point iache kwenye P au gia, weka na jiwe nyuma ya gurudumu kama unaogopa, usiivutie handbreki usiku kucha ikiwa na maji, pedi zinagandana na disiki. Mara moja kwa wiki, barabara ikiwa tupu na hakuna mtu nyuma yako, simamisha gari kwa nguvu kiasi mara tatu nne kutoka kilomita 60, ili za nyuma nazo zifanye kazi na zijisugue. Ukishuka baada ya safari ndefu, sogeza kiganja karibu na kila gurudumu bila kuligusa. Moja likiwa na joto tofauti na mwenzake, tuma ujumbe siku hiyohiyo, na picha.

Makubaliano ya mdomo yanatambulika kisheria huku, ila hayana kumbukumbu. Andikeni WhatsApp, kila upande ujibu "nimekubali". Maneno kama haya yanatosha, chukueni mbadilishe namba: "Disiki, pedi na kalipa ni za mwenye gari. Mwenye gari anatenga randi 130 kwa wiki kutoka kwenye hesabu kwa ajili ya breki za nyuma, na hazitumiki kwa jambo jingine. Kalipa za nyuma zinasafishwa kila kilomita 15,000, na siku hiyo hesabu haidaiwi. Dereva anaripoti sauti au joto ndani ya saa 24. Kipuri chochote kikitolewa kinahifadhiwa mpaka wote wawili wakione. Dereva atachangia tu ikiwa alisikia na hakuripoti, au disiki zote zina alama za joto kali. Na akichangia, makato hayazidi randi 200 kwa wiki." Pigeni picha ya disiki mpya siku zinapofungwa, pamoja na kilomita kwenye dashibodi, mziweke kwenye mazungumzo hayohayo.

Wenye kesi ambayo tayari inaendelea, leteni disiki zenyewe, za pande zote mbili. Picha ya upande wa nje hainisaidii kitu.